Mkono Nilioung'ata

Nilimng'ata jirani yangu mkono mchana kweupe, mbele ya binti yangu. Nilimng'ata mpaka nikaonja damu.

Na nilidhani nina haki.

Wazazi wenzangu, someni hadi mwisho, hasa ninyi mnaopenda kujigamba "mwanangu hana woga." Mimi nilikuwa kinara wenu.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni fundi bomba. Wa pili ni binti wa miaka kumi na tisa. Ukimtazama kaka yake vibaya, umetangaza vita. Nimewalea peke yangu, kwa neno moja tu: songa mbele!

Mlango wa pili anakaa fundi cherehani, mtaa mzima tunamwita Polepole. Kuvuka barabara tu anatazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu anaahirisha. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi hiyo mwanangu alikuwa anasafisha tangi la maji lililochimbwa chini ya ua wetu. Yalibaki maji ya matope. Mpira wa mashine ya kuvutia maji ulikuwa mfupi, basi akaishusha mashine yenyewe mle ndani, ya petroli, akaiwasha, akapanda juu haraka. Ikanguruma humo nusu saa, ikazimika.

Akachukua brashi ashuke tena.

Polepole akaja na kamba, sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Kijana, usishuke. Hewa ya humo imeharibiwa na moshi wa mashine."

"Mjomba, mbona sioni moshi?"

"Hapo ndipo inapoua. Ngoja hata kesho."

Tukaangua kicheko.

"Basi jifunge hii kifuani."

"Kwani mimi mbuzi?"

"Leo kuwa mbuzi wangu."

Mwanangu akajifunga, ili tu mtu yule anyamaze. Nami nikamwambia, "Shuka baba, achana na mambo ya cherehani."

Mimi. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akashuka ngazi. Nikasikia brashi: kwaru, kwaru, kwaru. Kisha sikusikia kitu.

"Baba?"

Nikachungulia. Amelala chali, macho wazi, haniangalii.

Binti yangu akatupa ndala huko, mbio hadi mdomo wa tangi. Polepole akamkinga, bega lake likiziba njia.

"Usiingie! Mtalala wawili humo!"

"Nipishe! Kaka anakufa!"

Damu ikanipanda kichwani. Nikamrukia yule mwanamume. "Mwoga mkubwa wewe! Kama huna moyo wa kuingia, mpishe mwenye moyo!" Nikaudaka mkono wake wa kulia, nikazamisha meno.

Hakuachia. Nikazidisha. Hakuachia.

"Mama," akasema, machozi yanamtiririka, "ng'ata tu. Lakini mwambie binti ashike kamba."

Kamba!

Mimi na binti yangu tulikuwa tumeisahau. Ilikuwa imezungushwa mara mbili kwenye mkono ule ule niliokuwa nimeung'ang'ania kwa meno.

Tukavuta, sisi watatu na mwenye duka aliyekuja mbio. Mwanangu akatoka kama gunia lililolowa, midomo imebadilika rangi. Hospitali wakamwekea mashine ya hewa. Alikuja kunitambua siku ya pili.

Polepole alifika kumwona, mkono umefungwa bandeji.

"Mjomba," mgonjwa akanong'ona, "mbuzi wako karudi."

Tukacheka huku tunalia.

Nilimsindikiza hadi nje, nikamwomba radhi. Nikamuuliza alijuaje.

"Kwetu tulikuwa watatu," akasema. "Kaka alishuka kwenye tangi kama lile. Mdogo wangu akaruka kumtoa. Msibani watu walimsifu sana, shujaa, shujaa. Mimi niko hai kwa sababu nilichelewa kufika."

Akasimama ukingoni mwa barabara. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Akavuka.

Sikucheka.

Basi nisikilizeni. Mashine ya petroli haishushwi ndani ya tangi. Hakuna kamba, hakuna kushuka. Mtu akianguka humo, usimfuate, hata kama ni mwanao wa kumzaa. Vuta kamba, ita zimamoto.

Na mkiwafundisha watoto ushujaa, msiishie kwenye kuruka. Wafundisheni kushika wasiachie, hata wakitukanwa, hata wakiitwa waoga na mama mwenye meno.

Alama zangu bado ziko kwenye mkono wa Polepole. Kila akinipima nguo naziona, na kila mara nageuza uso.