Mvua Katikati ya Salon

Nilizunguka maduka ya Butembo siku tatu mbele ya kuchagua: bafle, spika ndefu ya kukaa chini ya televizio, na mbili ndogo za kukaa nyuma yetu. Muuzaji alisema sauti itatuzunguka pande zote, mais lazima mutu akae katikati ya salon, ni kusema sebule.

Katikati! Kwetu viti vinaegemea ukuta, pande zote, ili bageni baonane uso kwa uso. Katikati kuna meza ya mama, kitambaa chake na maua ya plastiki. Nikasogeza meza, nikavuta kiti mpaka pale. Mama akasimama.

“Mugeni utamukalisha pale kama mutu anashitakiwa?”

“Mama, son, ile sauti, inataka vile!”

“Donc son ifuate batu, hapana batu kufuata son.”

Nilikasirika sana, lakini kiti kilirudi ukutani na meza ikarudi pahali pake. Jumapili jamaa yetu ya kule Musienene ilikuja, tukawasha sinema, mvua ikaanza kunyesha ndani yake. Kila mutu alisikia bafle ya karibu naye tu, na bote bakafurahi. Ile mvua ya pande zote, niliyoitafuta siku tatu, ilinyeshea maua ya plastiki.