Vitabu vya Papa Évariste

Kahindo anasoma kama vile wengine wanavyotafuna muwa: bila haraka, bila heshima, na hachagui kipande. Amesoma habari za muuguzi aliyependa daktari wa meli, amesoma namna ya kufuga sungura, amesoma nusu ya kitabu cha sheria za ardhi ambacho nusu yake ya pili ilibaki kwa mutu asiyejulikana. Sungura hana. Ardhi hana, ukitoa parcelle ndogo ya mtaa wa Katoy, nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi ya volkano ambako hata muhogo unakataa kuota. Lakini ukimuuliza sungura akiumwa masikio anafanya nini, atakujibu, tena bila kuinua macho kwenye mshono.

Kushona ndiyo kazi yake. Asubuhi anatoa mashini kwenye barza, anaweka kitabu pembeni, anakibana na makasi kisijifunge, mguu unakanyaga na macho yanakwenda. Wateja wamezoea. Mwenye haraka anakwenda kwingine. Anayetaka mshono ulionyooka anangoja mama afike mwisho wa ukurasa. Saa nane mvua ikija, na huko kwetu haichelewi, anaingiza mashini ndani, anasogeza mbabula, jiko lake la makaa, karibu na mlango, anamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye termosi, anakaa kwenye fotei yenye sponji iliyochoka na kujifunika bulangeti ya kijani mpaka kiunoni. Mvua inapiga manjanja, mabati ya paa, hata mutu akikuita humsikii. Hiyo ndiyo saa yake. Watoto wake wawili wako mbali, mmoja Bunia, mmoja Kampala, na wakipiga simu saa hiyo wanajua hatashika.

Mume wake, Évariste, alikuwa karani wa depo ya maharage, mutu mkubwa mwenye sauti ya kukwaruza, kama gunia linaloburutwa kwenye sementi. Kitabu hakuwahi kusoma hata kimoja. Alikufa mwezi wa kwanza wa mwaka jana, juma lile la mabomu, vita ilipoingia mjini. Si bomu lililomuua. Ni ugonjwa wa sukari. Dawa iliisha, maduka yote yamefungwa, akalala siku tatu, ya nne hakuamka. Na mutu aliyekufa kwa sukari juma lile alikosa hata nafasi ya kuliliwa. Kila parcelle ilikuwa na msiba wake, tena wa damu. Waliokuja kusema pole waliisema wamesimama, wakauliza kama bado kuko maji, wakaenda. Kahindo alimzika akisaidiwa na majirani sita. Hakulia. Alifikiri machozi yatakuja njia zikifunguliwa, kama vile unga na mafuta vitakavyorudi. Unga ulirudi.

Tangu siku hiyo anasoma vilevile, mashini vilevile, fotei vilevile. Chai anaisikia kuwa ya moto. Kama ni tamu hajui. Jirani yake, Mama Charline, alimkuta siku ya tatu ya kilio na kitabu mkononi, akaipeleka habari mpaka kwenye bomba la maji: mujane anasoma. Kama angelikuwa amelewa, wangemuelewa zaidi.

Ndugu za marehemu wanakaa katika mji mdogo wa Kiwanja. Siku ya kuzika hawakuweza kufika, njia ilikuwa imekatika. Mwaka ulipotimia wakaja kuondoa kilio, Jumamosi, na jeep ya kukodi: Jephté, mdogo wa marehemu, mwalimu; Kaswera, dada yao mkubwa wanayemwita yaya, ambaye magoti yake yamezeeka lakini ulimi bado mpya, na wengine watano waliokuja kula. Asubuhi wakaenda misa. Saa sita wakala. Baada ya kula wakatandika mkeka katikati ya nyumba, maana huko kwao kilio kikiondolewa, kila kitu cha marehemu kinawekwa mkekani na ukoo wake unachagua.

Kahindo alitoa vyote yeye mwenyewe. Koti, viatu jozi mbili, radio, mkanda, kofia ya kwenda misa. Hakuficha hata kitana. Wakagawana bila kelele, kwa sababu kulikuwa na kitu kidogo na watu wanaojuana. Ndipo Jephté akasimama mbele ya rafu.

"Na ile?"

"Ni vitabu," Kahindo akasema.

"Naona ni vitabu, shemeki. Ni ya nani?"

"Ni yangu."

Jephté akavuta kimoja, akafungua jalada. Akavuta cha pili. Akavuta cha tano, cha kumi, kutoka juu, kutoka chini, kama mutu anayechagua nyanya. Ndani ya kila kimoja, kwa bic nyeusi, kulikuwa kumeandikwa: *Hii kitabu ni ya Papa Évariste. Uirudishe.*

Kahindo alikuwa amesahau. Zamani aliazimisha watu vitabu, na kitabu cha mwanamke hakiendi na kurudi, kinakwenda. Mama Charline peke yake alikalia saba, kimoja akakitia chini ya mguu wa meza. Basi siku moja Kahindo akachukua bic na kuandika jina la mume wake ndani ya vyote. Ikawa dawa. Hakuna aliyetaka Évariste asimame mlangoni kwake na sauti ile. Vitabu vikarudi, vingine vimepanguswa. Na kila kipya alichonunua kwa Damascène, yule anayetandaza vitabu juu ya turubai kule Birere, kikapata jina hilo kabla hakijasomwa. Miaka kumi na nane. Évariste mwenyewe alikuwa akicheka, anasema siku moja atajikuta ni profeseri na hana habari.

"Ile mwandiko ni yangu," Kahindo akasema.

"Na kwenye cheti ya ndoa yenu mwandiko ni ya padiri," Kaswera akajibu kutoka mkekani. "Kwa hiyo ni padiri njo alikuoa?"

Watu wakacheka. Kahindo naye aliona ni neno zuri.

"Évariste hakusoma hata karatasi ya dawa zake," akasema.

"Muke wetu, leo ni siku ya kuondoa kilio chake. Usimutukane."

Jephté hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu mwenye shule. Amejenga vilasi vinne vya mbao huko Kiwanja, amepaka rangi, ameandika jina la mtakatifu juu ya mlango, lakini inspecteur alimwambia hivi: shule bila bibliothèque ya vitabu haipati ruhusa, na nitapita Jumanne. Ilikuwa Jumamosi. Na hapa mbele yake, vitabu mia moja na kumi na kimoja vya kaka yake mwenyewe, vimejipanga kama wanafunzi.

"Kuko ya mapenzi ndani," Kahindo akamwonya. "Kuko moja, muke anakimbia na mupishi."

"Inspecteur hatasoma, shemeki. Atahesabu."

Wakaleta magunia manne. Kahindo alisimama karibu na mbabula akitazama rafu inavyobaki ubao. Alijua vizuri ni nini kinachotoka. Bila vitabu, saa nane ya mvua itakuwa mvua tu, na baada yake jioni, na baada ya jioni kesho. Hakuwa na kitu kingine cha kuifanya siku imalizike. Alilijua jambo hilo kama vile anavyojua namba ya parcelle yake. Alingoja kifua kiseme kitu. Hakikusema.

Kilibaki kimoja, kile cha wiki hiyo, kimelala kifudifudi juu ya fotei. Jephté akanyoosha mkono.

"Hiki sijamaliza," Kahindo akasema. Akakaa, akavuta bulangeti, akafungua alipofika.

"Haya, hicho tunakuachia," Jephté akasema, maana alikuwa amelelewa vizuri. Magunia yakapandishwa kwenye jeep, yakafunikwa. Mvua ilikuwa imeanza. Watu wakasimama, wakavaa makoti, mmoja lile la marehemu, wakasema basi, mama, sisi tunakwenda.

"Safari njema," Kahindo akasema, na kugeuza ukurasa.

Hakuna aliyetoka.

Maana hawawezi kutoka hivyo. Siku ya kuondoa kilio, kwao, wageni hawajitoi nyumbani kwa marehemu. Mujane anasimama, anatangulia, anawasindikiza mpaka njiani, nao wanapanda na kwenda bila kugeuka. Wakitoka peke yao, kilio hakikuondolewa. Wamekibeba, na kitalala kwao. Jephté ana kompyuta na diploma, lakini kupanda gari na kilio cha kaka yake mgongoni hawezi. Na hata angeweza, Kaswera yuko.

"Shemeki, utusindikize."

"Namalizia."

"Kurasa ngapi zimebaki?"

Kahindo akaangalia mwisho. "Mia moja na makumi nane."

Mama Charline, habari ilipomfikia, alisema ule ulikuwa ujanja, na akausifu mpaka bombani. Haukuwa ujanja. Miguu haikutaka kusimama, na Kahindo hakuona sababu ya kuilazimisha. Alikuwa na fotei, alikuwa na moto, alikuwa na ukurasa. Watu saba wamesimama na makoti yao ndani ya nyumba yake, na kwake walikuwa kama mashati ya wateja yaliyotundikwa yanangoja vifungo.

Wakakaa tena. Dereva akapiga honi. Jephté akaenda kumwambia angoje, akarudi amelowa, akaangalia saa. Kizuizi cha njia ya Kiwanja kinafungwa saa kumi na mbili, na mbele ya hapo kuko vingine.

"Kama unasoma, usome basi kwa sauti," Kaswera akasema. "Tusikae hapa kama magunia."

Kahindo akasoma kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo, bila kupamba, kama mutu anayesoma vipimo vya nguo. Ndugu watatu, nchi ya baridi, wanagombania shamba la zabibu la baba yao.

"Baba amekufa?" Kaswera akauliza.

"Bado. Yuko nyuma ya mlango, anawasikiliza."

"Na wao hawajui?"

"Hawajui."

"Wapumbafu," Kaswera akasema, na kuvuta kiti. "Endelea."

Saa tisa. Saa kumi. Wale watano waliokuja kula walimaliza chai ya termosi. Mmoja alisinzia. Kijana wa kwanza wa shamba la zabibu akatia sahihi karatasi asiyoielewa, na Kaswera akamwita jina lisiloandikika. Saa kumi na nusu Jephté akachuchumaa karibu na fotei.

"Shemeki, sikiliza. Nikikurudishia gunia moja, utasimama?"

Kahindo akafikiri. Alitaka kumjibu ukweli. "Sijui," akasema.

"Mawili?"

"Jephté, sijui."

Kaswera alikuwa akimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mutu anayenunua kuku na ameanza kuwa na wasiwasi.

"Hizi vitabu zote ziko kwenye gari, ulizisoma?"

"Nilizisoma."

"Zote?"

"Zote. Lakini za mwaka huu hazikuingia. Nasoma, nafunga, hakuna kitu. Makumi ine na tatu. Najua tu zilikuwa na watu ndani."

"Mwaka huu tangu lini?"

"Tangu Évariste."

Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo wote walisikia. Aliyesinzia aliamka. Kaswera akavuta kikwembe chake mabegani.

"Na kulia, ulilia?"

"Hapana, yaya."

"Mimi nililia mpaka nikasahau ni nani nalilia. Kila mutu na ugonjwa wake." Akamgeukia mdogo wake. "Shusha magunia. Hizo makumi ine na tatu zinabaki. Hazijasomwa."

"Yaya, kitabu yenye alisoma mwezi uliopita haijasomwa namna gani?"

"Chakula ukitapika, umekula? Shusha. Zingine zinafuata jina la kaka yetu, hizo utabeba."

"Na inspecteur?"

"Umesema anahesabu. Sitini na inane si hesabu?"

Wakamwaga magunia sakafuni, na hapo ikabidi Kahindo ainuke, maana hakuna mwingine aliyejua ni vipi viliingia na vipi havikuingia. Alipiga magoti, akachambua. Hiki ndiyo, hiki hapana. Hakudanganya. Kuna kimoja alichokipenda zamani, cha muuguzi na meli, jalada limeshonwa kwa uzi wake mwenyewe; alikisoma akiwa na miaka thelathini na kiliingia vizuri sana. Akakishika kidogo, akakiweka upande wa Kiwanja. Jephté alimwona, akajifanya anafunga gunia.

Saa kumi na moja kasoro alikuwa amesimama, na kwa kuwa alikuwa amesimama, akatangulia mlangoni. Akawasindikiza juu ya mawe, bulangeti mabegani, manyunyu usoni, mpaka njiani. Kaswera alipandishwa na watu wawili.

"Mwaka kesho nitakuja tena kukuondolea kilio chako," akamwambia Kahindo kupitia dirishani. "Utanimalizia ya wale wa zabibu. Usiniambie sasa."

"Sawa, yaya."

Jeep ikaondoka. Hakuna aliyegeuka.

Kahindo akarudi ndani, akachochea makala ya mbabula, akapanga vitabu vyake kwenye rafu, safu moja na kipande. Akachukua cha kwanza upande wa kushoto, kile cha Februari ya mwaka jana. Hakukumbuka kilihusu nini. Akakaa, akafungua mwanzo kabisa, akasoma ukurasa wote mpaka chini. Akarudi juu, akausoma tena.