Jina la Baba Hutangulia

Juzi, nilipokuwa nikisubiri kopi zangu kwenye steshenari moja ya Handeni, mzee kutoka Sindeni alikuja kuona jina la binti yake. Mtafiti mmoja alikuwa amenukuu makala ya binti huyo iliyotoka kwenye jarida la mtandaoni, naye binti akauprinti ukurasa wa marejeo.

"Mbona sikuoni?"

"Mstari wa tatu, baba."

"Hili jina langu! Wewe uko wapi?"

"Mimi ni hiyo herufi moja inayofuata. Kwenye marejeo jina la baba hutangulia."

Mzee akavua kofia, akasoma kwa sauti jina, mwaka, hadi kiungo kirefu cha mtandaoni mwishoni. Akamgeukia mwenye duka: "Mama, nitolee nakala nyingine, ya kubandika sebuleni."

Nikiuchungulia ukurasa, niliona nukta imekosekana baada ya mwaka. Mimi hukosoa hata matangazo ya misiba, lakini hiyo niliiacha ipite.