Fisi Aliyegeuka Simba

Miaka ya sabini, katika darasa letu la jioni la watu wazima hapo Isiolo, niliamini kabisa kwamba ukikata neno kwa kalamu kwenye insha utafungwa. Mzee mmoja wa Garbatulla, mwanafunzi mwenzetu, aliwahi kulala seli kwa sababu kibali chake cha kusafirisha ng'ombe kilikuwa na neno lililokatwa, polisi wakasema amekighushi. Basi kabla ya kuandika neno lolote, nililirudia kwa sauti mpaka dawati likalikariri.

Siku moja nilitaka kuandika kwamba fisi aliingia boma letu, kalamu ikaandika simba. Jasho likanitoka debe zima! Kukata niliogopa, kwa hivyo simba akabaki, akala ngamia wote, na mimi nikamuua kwa fimbo.

Mwalimu alipoisoma akaniita mbele. Nikajua polisi wako mlangoni.

"Wewe, simba huyu ametoka wapi?"

"Mwalimu, alikuwa fisi. Niliogopa kukata, nisifungwe kama yule mzee wa kibali."

Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa na hofu hiyo hiyo.

"Kibali ni cha serikali," akasema mwalimu. "Insha ni yako. Ukikosea, kata, uandike tena."