Jino Ambalo Halikuota

Kwa miaka miwili Eulalie hakumsalimia Virginie, ingawa waliuza wakitazamana. Eulalie aliuza sambaza wakavu, vidagaa vya Ziwa Kivu, katika soko la Nyawera mjini Bukavu. Hatua nne mbele yake, Virginie aliuza chakula cha moto: maharagwe na ugali mchana, na asubuhi uji wa mtama na soya. Zamani walikuwa wakila sahani moja, wakigombania kichwa cha samaki kama watoto wa tumbo moja. Kisha taya la Eulalie, upande wa kushoto, likaanza kuvimba.

Halikuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu. Jino bovu humnyima mtu usingizi, jipu hupasuka likaisha. Uvimbe huu ulikua kimya kimya kama kiazi ardhini. Katika kituo kimoja cha afya walimng'oa jino lililokuwa likicheza, na miezi minane baadaye wakamng'oa la pili. Hakuna aliyempiga picha. Kiazi kiliendelea kukua.

Ndipo dada yake mkubwa, Domitille, akampeleka mlimani kwa mzee Philémon, mganga wa mitishamba. Philémon alimpapasa shavu, akafumba macho, akatamka neno ambalo Bukavu nzima inaliogopa: karuho, sumu ya polepole ambayo mtu hutiliwa katika chakula na yule anayekula naye.

"Unakulaka kwa nani?" aliuliza.

"Kwangu. Na kwa maman Virginie, pale soko."

Philémon alitikisa kichwa, akaanza kuponda mizizi. Hakutaja mtu. Eulalie alilitaja jina mwenyewe, na kesho yake akalitaja sokoni, kwa sauti ileile ya kuitia wateja wa sambaza.

Dawa ya Philémon ilimtapisha siku tatu mpaka akatambaa. Taya halikupungua hata ukucha. Kilichopungua ni foleni ya Virginie. Mtu hadai ushahidi wa sumu. Anatafuta tu sufuria nyingine. Walibaki wateja wachache, wapagazi waliokuwa na njaa kuliko hofu, kisha nao wakaanza kuhama. Jumatatu moja habari ikazunguka: Jumamosi Virginie anaondoka, anakwenda Kamituga kupikia wachimba dhahabu.

"Aende!" Eulalie alisema, huku akipepeta samaki wake. "Bale bachimbaji bako na tumbo ya chuma."

Wanawake walicheka. Virginie alisikia. Aliendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Jumanne asubuhi Eulalie aling'ata hindi la kuchoma. Meno mawili ya kushoto yalisogea pamoja, na alipojibonyeza shavu kwa kidole akahisi mfupa ukiingia ndani na kutoa mlio mdogo, kama ganda la yai. Aliliacha hindi, akamwachia Domitille meza, akashuka hadi Ibanda, katika hospitali yenye daktari wa meno.

Daktari huyo alikuwa kijana, Dokta Carine, mwenye mikono midogo na maneno machache. Hakuuliza nani anakula na nani. Alifungua kinywa cha Eulalie na kuanza kuhesabu, akigusa kila jino kwa kioo kidogo.

"Hapa baling'oa meno mbili. Na hii ya nyuma kabisa, nani aliitosha?"

"Hakuna. Ile haikuotaka."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi iko wapi?"

"Dokta, unaniuliza miye? Miye niko muuzaji wa sambaza!"

Jibu lilitoka katika picha ya radio, ile eksirei kubwa inayoonyesha taya zima. Dokta Carine aliibandika kwenye kioo chenye taa. Chini ya mfupa, karibu na pembe ya taya, jino zima lilikuwa limelala ubavu. Kichwa cha jino kilizungukwa na duara jeusi, laini kingoni, kubwa kama yai la kuku.

"Kila jino inajengwaka ndani ya mufuko mudogo," daktari alieleza. "Jino ikitoka, mufuko inamaliza kazi yake. Hii ya kwako ilikwama, mufuko ikabaki, ikaanza kujaa maji. Maji inasukuma mufupa pole pole. Njo maana haiumi."

"Maji ya sumu?"

"Maman, hakuna sumu yenye kuweza kulalisha jino ndani ya mufupa."

"Ilianza lini?"

"Tarehe siwezi kukupatia. Lakini jino hii ilikwama ukiwa kijana. Mufupa kuisha hivi ni kazi ya miaka mingi."

Virginie alikuwa amemfahamu miaka sita tu.

Hasira ilimpanda Eulalie, na kwa mara ya kwanza ilikosa mahali pa kutua. "Na bale balitosha meno yangu nzima? Balishindwa kuhesabu?"

Dokta Carine alizima taa ya kioo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Kuhesabu meno haiombi mashini, maman. Inaomba vidole. Kila mwezi ninapokea taya kama hii, imetoshwa meno tatu, ine, imekunywa mizizi ya kila mulima, na hakuna mutu aliuliza jino moja iko wapi. Bamoja banafika mufupa imevunjika tayari."

Jumatano daktari alimtia ganzi. Sindano ilivuta maji ya manjano yanayometameta kama mafuta juu ya mchuzi. Kisha akakata dirisha dogo ndani ya kinywa, akachukua kipande cha ngozi ya mfuko ule ili kipimwe maabara, kwa kuwa kuna uvimbe wa aina nyingine unaofanana nao katika picha ilhali ni mbaya zaidi. Mfuko wote hakuutoa. Mfupa uliobaki chini ulikuwa mwembamba, na mshipa wa fahamu wa mdomo ulipita hapo hapo. Dirisha likibaki wazi, maji hayatajaa tena, na mfupa utajijenga upya taratibu. Baadaye ndipo watatoa mfuko uliosinyaa pamoja na jino lake, na kila mwaka atapigwa picha, maana mfuko ukibakiza hata ukingo unaweza kurudi.

"Kila ukikula, unaosha ndani ya dirisha na maji ya chumvi," daktari alisema akimpa bomba la sindano lisilo na ncha. "Na chakula laini tu. Mahindi ya kuchoma, sahau."

Ijumaa Eulalie alirudi Nyawera, shavu limejaa, picha imeviringwa kwapani. Virginie alikuwa akifunga sufuria zake kwa kamba, tayari kwa safari ya kesho. Eulalie alimsogelea, akainama karibu na sikio lake.

"Maman Virginie, nilikukosea. Haikukuwa karuho. Ni jino. Angalia."

Virginie hakuitazama picha. "Ulinichafua mbele ya soko muzima, leo unakuja kunipangusa ndani ya sikio?"

"Mudomo inaniuma..."

"Siku ile haikukuuma!"

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma Eulalie kuliko kisu cha Dokta Carine. Alipanda juu ya kreti, akaikunjua picha kuelekea jua, akapaza sauti ya sambaza, nyuzi za mshono zikimvuta ndani ya shavu.

"Banyawera! Miye Eulalie nilisema uongo! Virginie hakunipatia kitu! Ni jino yangu mwenyewe, ilikwama ndani ya taya tangu sijamujua! Muje muione!"

Walikuja. Wengine waliigeuza picha juu chini. Mpagazi mmoja, Honoré, akaguna: "Maneno ni maneno. Kama si karuho, kunywa basi uji yake, tuone."

Kicheko kilipita. Virginie aliifungua kamba ya sufuria ndogo, ile ya uji wa asubuhi, uliobaki ungali moto, akachota kikombe kikajaa. Eulalie alikiangalia kikifuka moshi. Virginie alimtazama shavu, akasonya, akaanza kuupooza uji kwa kuumimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, juu, chini, kwa hasira kiasi kwamba matone yalimrukia Honoré.

"Kunywa. Yote."

Eulalie alikunywa yote, polepole, macho yote yakiwa kooni mwake. Kisha akatoa bomba lake, akaosha dirisha, akatema kwenye mfereji.

Honoré alikohoa. "Nipatie na miye kimoja."

"Wewe ngoja," Virginie alimkata, akimgeukia Eulalie. "Dokta alisema miezi ngapi ya chakula laini?"

"Alisema tutaangalia picha. Pengine sita. Pengine zaidi."

"Basi utakunywa hapa, kila asubuhi, umesimama, bote bakuone. Siku utakosa, nitapanda gari ya Kamituga."

"Nitakuja."

"Na usinizoee. Hatujakuwa marafiki."

Akaifungua kamba ya sufuria kubwa.