Mzinga wa Maonyesho

Mavis Croxton hakutaka kwenda. Nilimburuta mimi, jirani yake, maana tangu mumewe Wilf azikwe alikuwa hatoki nje, anakunywa chai tu na kutazama dirisha. Mjini Ludlow kulikuwa na maonyesho ya sanaa ya mila zetu za kale, nikadhani yatamchangamsha. Kiherehere changu.

Wilf alikuwa mfuga nyuki. Kwetu, mwenye nyuki akifa, nyuki lazima waambiwe siku hiyohiyo. Unagonga mzinga kwa ufunguo wa nyumba, unawapa habari, unafunga kitambaa cheusi. Usipowaambia watahama, au watakufa. Mavis alikuwa hajawaambia. Kila nikimkumbusha alisema kesho, na kesho haikufika.

Ukumbini kulinuka asali ya bandia, ile ya mishumaa. Vinyago vya farasi, vya ngoma zetu za zamani, vilipakwa rangi za kucha. Haya, tukavumilia. Mbele tukakuta mzinga umefunikwa hariri nyeusi, na watu kwenye foleni ya kuunong'oneza majina ya wafu wao, wamevaa shela za msiba za kuazima, wanapigana picha na kucheka. Mmoja aliunong'oneza jina la paka wake. Nilitamani kutema mate palepale.

Msanii mwenyewe, binti aitwaye Imogen, alimwona Mavis na nguo zake nyeusi, akamsifu eti amevaa kulingana na maonyesho. Akamsogeza mbele ya wote. Mavis akainama, akatega sikio.

"Humu mna nyuki kweli?"

"Hamna, mama. Ni sauti ya kurekodi tu. Nyuki wangewasumbua wageni."

"Sasa mnamwambia nani?"

Imogen akaanza maelezo marefu kuhusu majonzi ya jamii. Mavis hakuyasubiri. Alijifuta mkono kwenye sketi kama mtu aliyeshika kamasi za mwenzake, akatoka, nami nyuma yake.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, ufunguo mkononi, akagonga mzinga wa kwanza.

"Wilf amekufa," akawaambia. "Wa kuwatunza sasa ni mimi. Msiniache na nyinyi."

Neno hilo la kufa hakulitamka hata makaburini. Mzinga ukavuma. Akaenda wa pili, akasema yaleyale, nao ukavuma. Wa tatu ulikuwa kimya. Akagonga tena, akasema tena, kisha akaendelea kugonga.