Vipande Kumi na Kimoja vya Waya

Saa moja na nusu asubuhi, lifti ya nafaka imesimama. Kiwanda kizima cha unga kimenyamaza, na malori matano yanasubiri getini. Mwanamke mwenye ovaroli iliyopauka anapachika kufuli kwenye swichi kuu, analivuta mara mbili, kisha anatia ufunguo mfukoni.

"Mama, fungua," anasema msimamizi wa zamu. "Kihadae hicho kihisi cha joto, funga waya pale, tumalize malori haya."

"Beringi ya juu imefika nyuzi joto tisini na moja. Jana ilikuwa arobaini."

"Hicho kidude kinakutisha bure."

"Hakina bosi wala hakisubiri kupandishwa cheo, mwanangu. Kinidanganye ili kipate nini?"

Wapakiaji wanacheka chinichini. Wao humwita Bi Zima. Ana miaka hamsini na mbili, na kazi yake ni kutunza vihisi, vidude vidogo kama kifuniko cha chupa vinavyopima joto la beringi na mwendo wa mkanda. Mambo yakiharibika, vinakata umeme.

Lifti yenyewe ni mkanda wa vindoo mia mbili, unaopanda mita ishirini na saba ndani ya bomba la bati lililojaa vumbi la nafaka. Beringi ikiwaka, vumbi hilo haliungui polepole. Linalipuka.

Analijua hilo. Miaka tisa iliyopita, katika kiwanda kingine, mtu alifunga waya kukihadaa kihisi ili kazi isisimame. Mdogo wake alikuwa juu ya ngazi. Hakushuka hai. Yeye alitoka na kovu la moto kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Wakasema bahati mbaya," anamwambia msimamizi. "Bahati gani hiyo yenye koleo na utepe?"

Tangu hapo, kila waya wa aina hiyo anaukata na kuutia katika kopo la kahawa. Hapa amekata kumi na moja, na ana barua mbili za onyo. Ya tatu ni kuonyeshwa mlango. Nyumbani kuna mama yake, na binti wa marehemu mdogo wake yuko kidato cha tatu.

"Ya tatu naiandika leo," anasema msimamizi.

"Andika. Na zile nyuzi tisini na moja usizisahau."

Saa nne makanika anashuka na beringi ndani ya kitambaa. Gololi mbili zimepasuka, na grisi imekuwa nyeusi kama lami. Anaiweka mezani pa msimamizi, anarudi juu.

Barua inakuja hata hivyo: amezuia uzalishaji bila ruhusa. Jumatatu ataitwa kwa meneja.

Anaikunja, anaitia ndani ya kopo pamoja na nyaya.

"Nitaenda na kopo hili," anasema. "Nitawaomba kitu kimoja tu. Kila swichi iwe na kufuli, na ufunguo akae nao anayepanda juu. Wakisema hapana, basi anayetaka waya ufungwe apande yeye. Mimi nitamshikia ngazi."